Mama Halitaji Tena Jina Langu

Mpendwa Doña Servia,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za kliniki ninayofanya kazi hapa Santo Domingo, ni saa ya chakula cha mchana, sahani ya wali na maharage imepoa magotini na sijaigusa, naomba unisaidie maana zimebaki wiki mbili na nusu tu na mimi sijui nianzie wapi. Jina langu usilifiche, liandike kwenye safu yako gazetini lilivyo, mama yangu hasomi magazeti, na wenzangu wa hapa kazini wakisoma na wasome, nimechoka. Naitwa Arminda. Nina miaka arobaini na mmoja, nimezaliwa milimani kule Salcedo, na kazi yangu, utacheka, ni kuwaita watu kwa majina yao.

Ndiyo kazi yenyewe. Nakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, napanga mafaili, na zamu ya mtu ikifika nasimama naita jina lake lote mbele ya chumba kizima cha watu walioshika mashavu. Nilipoanza nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimetoka kijijini na mdomo wangu wa kijijini, na wewe Doña unatujua sisi watu wa Cibao, huko kaskazini, tukikutana na r au l katikati ya jina hatuigongi, tunailainisha inakuwa i, Carmen kwetu ni Caimen, Alberto ni Aibeito, na mimi tangu nazaliwa ni Aiminda. Hapa mji mkuu nao wana lao, r yote wanaigeuza l, wananiita Alminda, lakini wao hawachekwi kwa sababu wao ndio wanaocheka. Siku yangu ya tatu nikasimama nikaita kwa sauti yangu yote, "Don Noibeito Aimonte!" Chumba kikalipuka kwa kicheko. Kuna dada mmoja alicheka mpaka akaanza kulia kwa maumivu ya jino. Mwenye jina, Don Norberto Almonte, mzee mmoja wa kofia ya majani, hakucheka, aliinuka taratibu akitabasamu kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini, akaniuliza, "Binti, wa wapi wewe, Moca au Salcedo?" Nami nikajifanya sijasikia, nikamwonyesha mlango.

Jioni ile daktari mwenye kliniki akaniita, akaniambia kwa upole kabisa kwamba wateja wake ni watu wa heshima na majina yao yatamkwe kwa heshima. Nikaanza kujifunza. Nilisimama mbele ya kioo kila asubuhi na penseli kati ya meno, arr, orr, err, mpaka mwenye nyumba akauliza kama nimefuga mbwa. Nikapitiliza, nikawa natia r hata pasipohusika, nikamwita Doña Aida "Doña Arda", kumbe maskini ile i ilikuwa yake halali, amezaliwa nayo, wakanicheka upya. Lakini nilijifunza, Doña. Baada ya miaka mitatu ukinisikia kwenye simu usingejua nimetoka wapi, na mimi nikaona hayo ndiyo maendeleo.

Sasa ndiyo nafika kwenye lile linalonitafuna. Miaka tisa iliyopita, Desemba, siku yangu ya kuzaliwa, mama yangu Doña Eduvigis alipanda basi la kwanza kutoka kijijini bila kuniambia, na gunia la ndizi mbichi begani, na kuku mzima mkononi amefungwa miguu, akauliza njia mpaka akafika kliniki. Ilikuwa saa nne asubuhi, viti vyote vimejaa. Akasimama mlangoni, jasho linamtiririka, akaniona, na akaniita kwa ile sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, "Aiminda! Aiminda, mwanangu, njoo unipokee, mikono inakatika!" Watu wakaanza kucheka. Kuna kijana akaigiza, "Aiminda, Aiminda," kama anaimba. Nikamwendea mama, na tangu nimejua kusema sijawahi kukutana na mama nisimwombe baraka, kwetu huingii hata jikoni kwako mwenyewe bila kusema "Nipe baraka, mama", lakini siku ile sikuomba. Nilimwambia, watu wakisikia, nikitaka wasikie, "Mama, naitwa Arminda. Ar-min-da. Liseme vizuri au usiliseme kabisa."

Akaniangalia. Akateremsha gunia polepole. Akasema, "Samahani, bibie." Halafu kuku akachomoka, akakimbilia chini ya viti, watu wakainua miguu, tukamkimbiza chumba kizima mimi na mama na yule kijana, vicheko tupu, na mimi nikadhani neno lile limepotelea humo humo kwenye vicheko.

Halikupotea. Tangu siku ile mama hajalitamka jina langu hata mara moja. Zamani nikimpigia simu nikisema "Nipe baraka, mama", alinijibu, "Mungu akubariki, Aiminda", maana kwake baraka lazima ifungwe kwa jina, anasema bila jina Mungu atajuaje ni ya nani. Kaka yangu Eligio anambariki kwa jina, watoto wa jirani kwa jina, hata kinyozi anayepita anambariki kwa jina. Mimi ni "Mungu akubariki, mwanangu." Akinitania ni "bibie." Miaka ya mwanzo sikugundua, baadaye nikagundua nikaona afadhali, na sasa, Doña Servia, nikikata simu nakaa pale pale kitandani nimeshikilia kile kimya kilichobaki mwishoni mwa baraka yangu.

Februari mama akaanza kukauka sauti. Tukampeleka hospitali kule Santiago, mimi na Eligio, na karani wa pale akamwuliza, "Bibi, huyu uliyekuja naye ni nani wako?" Mama akasema, "Binti yangu." "Anaitwa nani?" Mama akatazama sakafu. Akasema kwa ile sauti iliyokwaruzika, "Muulize mwenyewe. Jina lake mimi siwezi kulisema vizuri." Wala hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba hajui kusoma. Nilijibu mimi jina langu, nikalisema vizuri sana, na karani akaandika.

Daktari ameona uvimbe kooni. Atamfanyia upasuaji Jumatatu baada ya Pasaka. Anasema mama ana nafasi nzuri ya kuishi miaka mingi, tunamshukuru Mungu, lakini sauti huenda ikabidi iondolewe pamoja na uvimbe. Akishaamka hatasema tena, si kwa sauti ile. Mama amesikia hayo akauliza swali moja tu, nani atakuwa anawafukuza kuku wa jirani kwenye bustani yake.

Nimerudi nyumbani nikasikiliza ujumbe wote wa sauti alionitumia mama kwenye simu, upo sitini na nane. Anaongelea mvua, kikohozi cha Eligio, nguruwe wa jirani, bei ya maharage, anauliza kama nimekula. Jina langu halimo. Nimesikiliza wote mara mbili.

Nikamlilia Eligio, naye akaniambia jambo nisilolijua. Anasema kila siku saa kumi na mbili jioni, akishamaliza rozari, mama hukaa kwenye kiti chake cha kubembea mlangoni mwa jikoni na kuwataja mmoja mmoja anaowaombea, na akifika kwangu husema, "Na Aiminda wangu, Mungu, uliye naye huko mjini." Kila siku. Miaka yote hii. "Dada," Eligio ananiambia, "niachie mimi. Naitega simu nyuma ya ndoo ya maji, mama hatajua, nakurekodia, utakuwa nalo mpaka ufe. Si unalitaka jina? Hilo hapo."

Nalitaka. Sijawahi kutaka kitu hivi. Lakini nikifikiria ile ndoo moyo unasita. Nikifikiria kwenda kumwomba mwenyewe, naogopa kitu kimoja kuliko hata akikataa, naogopa atajikaza na lile koo lake bovu alitamke kwa r, vizuri, kama nilivyomwagiza, ili anifurahishe. Hilo sitalimudu. Miaka kumi na miwili naitwa Alminda na Arminda, nageuka naitika, na hakuna siku nimesikia ni mimi ninayeitwa. Nifanye nini, Doña? Nimwambie Eligio arekodi? Amenipa mpaka Jumapili nimjibu.

Ni mimi, Arminda, wa mapokezi

*

Arminda,

Mwambie Eligio leo hii asiitege hiyo simu nyuma ya ndoo, usingoje Jumapili. Mama yako akilitaja jina lako jioni pale mlangoni, haongei na wewe, anaongea na Mungu, na mazungumzo ya watu hayategwi. Ungelipata hilo jina ungekuwa unalisikiliza kama mtu anayesikiliza sherehe ya jirani kupitia ukutani. Kaka yako ana moyo mzuri, mshukuru, lakini simu aiweke mfukoni.

La pili halitakupendeza. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Unaandika vizuri, binti. Umenieleza gunia, umenieleza kuku, umenieleza mpaka penseli. Neno "samahani" katika barua nzima lipo mara moja tu, na aliyelisema ni mama yako. Yeye, aliyepanda basi alfajiri na gunia begani! Wewe ndiye uliyemkosea, yeye ndiye aliyeomba radhi, na mambo mkayaacha hivyo miaka tisa. Kisha unaniuliza mimi utalipataje jina lako. Unataka akurudishie kitu ambacho wewe hujamrudishia.

Na acha kudhani kwamba amenuna. Ningekuwa mimi ningenuna, ningenuna mpaka leo na ningekutumia salamu kupitia kwa kasisi. Mama yako hakununa, alikutii. Ulimpa njia mbili, aseme vizuri au asiseme kabisa. Sijui lakini naweza kuapa kwamba aliijaribu ya kwanza, peke yake jikoni, akimenya mihogo, na ulimi ukamkatalia. Ndipo akashika ya pili. Lile alilomwambia karani pale Santiago halikuwa kijembe, alikuwa anaripoti matokeo. Amri ile uliitoa wewe mbele ya watu na hujaiondoa. Ulitaka aivunje mwenyewe?

Sasa futa machozi nikwambie na la upande wako. Ulikuwa msichana wa ishirini na tisa ukachekwa na chumba kizima, na waliokucheka hawawezi kutamka jina lako sawasawa hata wakilipwa. Hilo liliuma na mimi silipuuzi. Mimi ni wa San Juan, kusini, sisi r yetu inavingirika kama jiwe ndani ya pipa, na nilipofika mji mkuu walinicheka mpaka nikaacha kuagiza mkate, nikawa naonyesha kwa kidole. Halafu nikaolewa na mtu wa La Vega, Cibao yenu hiyo hiyo. Aliniita Seivia. Miaka thelathini na mmoja, mbele ya wageni, kwenye arusi za watu, nilimsahihisha: "Ser-via, Fausto, Ser-via." Naye alinijibu kila mara, "Ndiyo, Seivia." Namshukuru Mungu alikuwa mbishi na hakunitii kama mama yako alivyokutii wewe. Ana miaka sita kaburini. Tangu afariki wote wananiita jina langu vizuri kabisa, gazetini, kanisani, benki, na kuna siku narudi nyumbani naweka mkoba mezani nasimama tu pale, nikingoja kukosewa.

Kwa hiyo usiniambie hujui uanzie wapi. Mimi ndiye nisiye na pa kuanzia. Wewe una basi linaloondoka asubuhi.

Panda la Jumamosi hii. Usingoje Juma Kuu, kijiji kitajaa ndugu na masufuria ya maharage matamu na shangazi wa kuingilia mazungumzo, hutapata nafasi. Usibebe manukato wala shali ya dukani. Kama huwezi kwenda mikono mitupu, nunua kuku, mzima, umpakate mwenyewe mpaka Salcedo, na abiria wakikucheka, wacheke. Ulikuwa na deni la kicheko hicho.

Ukifika, usifungue geti. Najua ni kwenu, usifungue. Simama nje kama wanavyosimama watu wote huko, upige hodi kwa sauti. Yeye atakuwa jikoni, atauliza, "Nani?" Usijibu "ni mimi", wala usijibu kwa ile sauti ya kliniki. Jibu, "Ni Aiminda, mama. Nipe baraka." Liseme lote, na i yake yote, majirani wasikie, maana lile lingine nalo ulilisema watu wakisikia. Ulimi ukiwa mzito, kioo unacho na penseli unayo, una siku tatu za kujifunza upya.

Akishakuja getini, mwombe msamaha kwa maneno mafupi. Usimweleze habari za daktari wako na wateja wa heshima, usimweleze ulivyochekwa, hayo mtaongea baadaye mkinywa kahawa. Sema, "Mama, nilikukataza jina langu mwenyewe ulilonipa. Nilikosea. Niite unavyoniita." Basi. Halafu mpe kuku na unyamaze. Usimkodolee macho mdomoni ukingoja, na simu ibaki kwenye mkoba.

Unaogopa atajikaza alitamke kwa r. Akifanya hivyo mwambie, "Hapana, mama, huyo ni wa kliniki, mimi simjui." Namjua mwanamke wa aina yake, atacheka, na akicheka kazi imekwisha nusu. Asipolisema Jumamosi hiyo, msaidie kumenya ndizi, lala kwenye kitanda chako cha zamani, urudi Jumamosi inayofuata. Zipo mbili kabla ya Juma Kuu. Kila ukifika getini fanya hivyo hivyo, hodi, jina, baraka. Saa kumi na mbili akianza rozari kaa naye uijibu, na akifika mahali pa kuwataja watu wake, inuka uende bustanini ukawafukuze hao kuku wa jirani. Mwachie hapo pake.

Na ikiwa ile Jumatatu itafika na bado hajalitamka, usiniandikie kwamba umelikosa. Atakuwa ameingia kwenye upasuaji akiwa amelisikia, kwa matamshi yake mwenyewe, kutoka mdomoni mwako, na akiamka bila sauti atalihitaji kuliko wewe. Mtu atamwuliza tena, "Bibi, huyu ni nani wako, anaitwa nani?" Ataonyesha kwa mkono, na safari hiyo utajibu wewe kwa niaba yake, kama yeye angejibu. Karani aandike atakavyo.

Utaona nimekuita Arminda mwanzo hadi mwisho. Naweza kulisema lile jingine, Fausto alinifundisha, lakini lina mwenyewe na yuko jikoni. Kula huo wali, uende ukakate tiketi.

Doña Servia